Kioo ni cha Nyumba za Watu

Baba yangu ni mwashi, na mtaani wanamwita Mzee Afadhali. Alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mkono, alituambia kabla hata hajafungwa plasta: "Afadhali ni wa kushoto." Redio yetu ilipoibwa: "Afadhali, sasa tutazungumza." Tukazungumza jioni moja tu, tukajua kwa nini tulinunua redio. Watu wanampenda kwa hilo. Ukifukuzwa kazi, ukiachwa, unapitia kwake na kutoka umenyooka mgongo.

Tabu ya afadhali ni kwamba haina breki.

Nyumba yetu aliijenga mwenyewe, juu ya shimo la zamani lililojazwa kifusi. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha nyuma, anakolala dada na mtoto wake mchanga. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Wahenga wametuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na baba wahenga hawana la kumlaumu. Kila baada ya mvua aliuziba, akapaka rangi, akarudi nyuma kuutazama ukuta wake kama bwana harusi. Mvua nyingine ikija, na ufa unakuja, umenenepa.

"Nyumba inajinyoosha tu," alisema. "Kwani wewe ukiamka hujinyooshi?"

"Mimi nikijinyoosha, baba, simwangukii mtu."

"Nusu diploma, nusu akili," akanijibu, maana chuo nilikiachia njiani.

Kilichoniuma ni kwamba kwenye nyumba za watu baba hana mchezo. Akiitwa kuangalia ufa, anachukua kipande chembamba cha kioo na kukigandisha kwa plasta juu yake, ncha moja huku, ncha nyingine kule, kisha anaondoka. Akirudi akakikuta kizima, ukuta umetulia, zibeni. Akikuta kimepasuka, ukuta bado unatembea, na hapo anawatoa watu ndani, awe mgonjwa, awe tajiri. Mwalimu mmoja alijaribu kumbishia. Baba mwenyewe alimbebea kabati lake hadi nje.

Nikamwambia aweke kioo na kwetu. Alinitazama kama nimemtukana bibi.

"Kioo ni cha nyumba za watu."

Mvua za safari hii zilikuja na hasira. Dirisha la chumba cha nyuma likakataa kufungika. Siku moja baba akiwa kazini, mama alikata kipande kutoka kwenye kioo kilichovunjika cha kabati la vyombo, akakoroga plasta, akakigandisha kwenye ufa. Kufikia mwisho wa wiki kilikuwa kimepasuka.

Baba alikipitishia kidole. "Mmekibana vibaya. Na plasta yenyewe kama uji wa mgonjwa."

"Haya fundi," mama akasema, "weka wewe."

Hapo alinaswa. Baba anaweza kudanganya vyote, isipokuwa mikono yake. Akasugua ukuta kwa brashi, akaulowesha, akagandisha kipande kipya taratibu mno, hata dada akasahau kumbembeleza mtoto, akabaki kuangalia. Mvua ikanyesha tena. Asubuhi tukakuta vipande viwili, kimoja kimeshuka chini ya kingine.

Tulimsubiri aseme.

"Afadhali..." akaanza. Akatafuta. "Afadhali hakikumwangukia mtoto."

Dada akasimama. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mfuko wa nguo, akaenda kwa shangazi. Baba alimsindikiza kwa macho, halafu akatoka kwenda kukoroga saruji.

Mama alimkuta ameshaanza kuziba. Akasimama mlangoni.

"Baba watoto, hii ingekuwa nyumba ya mteja, ungemwambiaje?"

Mwiko ukasimama ukutani.

"Ningemwambia atoke leo."

"Basi tuambie na sisi."

Baba akachota saruji nyingine, akaendelea kusawazisha, na kusema kweli alisawazisha vizuri. Mgeni angeingia pale angesifu.

Mama alinipa ishara kwa macho. Tukabeba godoro la kitanda chao, yeye mbele, mimi nyuma. Likakwama kwenye fremu ya mlango, tukalisukuma.

"Angalieni rangi ya mlango!" baba akatupigia kelele bila kugeuka. "Nimepaka juzi tu!"

Tulilifikisha godoro kwa jirani, limelowa nusu. Mama akarudi kumchukua mumewe, nami nikamfuata. Tulimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso umeuelekea ukuta.

"Twende, mzee," mama akasema.

"Subiri kidogo, mama watoto. Ikikauka utaona."

Mama alibaki pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine kwenye mvua.