Kompyuta za Watoto wa Laini Tatu

Adoch alizoea kuongea na watu huku akitazama kitu kingine. Mteja akija kuchapiwa barua, alimjibu macho yakiwa kwenye kibodi. Akija wa kadi za harusi, aliongea na karatasi. Duka lake lilikuwa Kyebando, mtaa wa Kampala, karibu na steji ya bodaboda: kompyuta nne, mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kila nakala, na kabati la vitabu vya chuo kikuu ambavyo hakuna aliyewahi kuviuliza. Wenzake walimwita Lapwony, yaani mwalimu kwa Kiacholi. Nusu ya jina hilo ilikuwa heshima na nusu utani, maana hakuwa amewahi kumfundisha mtu yeyote.

Baba yake alikuwa koplo wa polisi. Adoch alizaliwa kambini, kwenye safu ya vyumba vya mabati iliyoitwa Laini Tatu. Huko Waacholi, Wajaluo na watu wa West Nile waliishi mlango kwa mlango, Jumapili wengine wakienda misa na Ijumaa wengine wakienda msikitini, na Kiswahili ndicho walichotumia kugombania foleni ya bomba la maji. Walipokua, mmoja wao, Olal, alifungua duka la kompyuta mtaani Nakivubo, la kuchapa barua na kuingia mtandaoni. Likampa riziki, na wengine wakamwiga. Ayaa akafungua la kwake Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkubwa. Okwera akafungua hatua chache kutoka kwa Adoch. Ikafika wakati ambapo ungetaka kuchapiwa barua upande huu wa jiji, ungeangukia mikononi mwa mtoto wa Laini Tatu.

Kisha simu za mkononi zikaanza kuwala. Mtu ambaye zamani alikuja kulipia dakika za mtandao sasa alitembea na mtandao mfukoni. Kompyuta zikabaki zimewashwa, skrini zikiogelesha samaki, wenye maduka wakipiga miayo mlangoni. Ayaa alikuwa keshasema wazi kwamba angeuza zake kwa watu wa vyuma chakavu na kuanza kukaanga chapati.

Adoch ndiye aliyeona kitu kingine katika uzembe ule. Chuoni alikuwa amesoma habari za gridi ya kompyuta: jinsi mashine nyingi ndogo, kila moja mahali pake, zinavyoweza kuunganishwa kupitia mtandao zikabeba mzigo mmoja ambao hakuna hata moja ingeuweza peke yake. Kazi inakatwa vipande vidogo, kila mashine inapewa kipande, ikimaliza inarudisha jibu na kuomba kingine. Hata mtu akiwa anachapa barua, kompyuta yake inasinzia sehemu kubwa ya muda, ikingoja kidole chake. Usingizi huo ndio gridi inaoutumia. Wenye benki wangeweza kuutumia kupiga hesabu za mwisho wa mwezi, wenye bima kukadiria ukame, watafiti wa mbegu kulinganisha aina elfu za mahindi. Adoch aliwaandikia wote. Walimjibu kwa adabu kwamba wanakodi mashine za ng'ambo.

Mtu pekee aliyekuja mwenyewe dukani alikuwa Odero, Mkenya aliyetengeneza filamu za katuni. Filamu yake ilimhusu kaloli, yule korongo mwenye kipara anayeshinda kwenye majalala ya Kampala, ambaye siku moja anaajiriwa kuwa mkaguzi wa usafi wa jiji.

"Shida yangu ni manyoya," Odero alimwambia. "Kila unyoya una kivuli chake. Na huyu mjinga nimempeleka kwenye mvua. Kompyuta yangu moja, dada, itamaliza nikiwa na wajukuu."

Adoch aliongea na kibodi. "Kila picha inahesabiwa peke yake?"

"Kila moja. Picha ishirini na nne kwa sekunde moja."

"Basi zinagawanyika," Adoch alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtu usoni.

Walikubaliana hivi: sehemu ya kwanza ya katuni imalizwe kwenye maduka ya Laini Tatu kabla ya siku ambayo kituo kimoja cha televisheni cha Nairobi kingeitazama. Ikifika kwa wakati, Odero ataleta mfululizo mzima, kazi ya miaka. Isipofika, hakuna la kuongea. Adoch alijua pia kwamba isipofika hataweza kuwaomba wenzake mara ya pili. Walikubali kwa sababu ni yeye, mtoto wa nyumbani, na kwa sababu hawakuwa na jingine la kufanya.

Alijihadhari na kila kitu. Alichagua maduka yaliyo kwenye nyaya tofauti za umeme, ili ukikatika Kyebando uwepo Old Kampala. Alipanga kila picha ikabidhiwe mashine nyingine endapo ya kwanza itanyamaza. Alizunguka duka kwa duka akiwaomba wenye maduka wasifunike kompyuta kwa vitambaa vya kufuma, vile ambavyo mama zao kambini walifunikia redio na televisheni, kwa maana mashine inayofanya kazi lazima ipumue. Ayaa alikitoa chake kwa shingo upande na kumvika Adoch kichwani.

"Haya bibi harusi," alisema. "Mashine yako imevuliwa nguo. Mwanaume yuko wapi?"

Mwanzoni ilikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kutarajia. Kwenye skrini yake kila kompyuta ilikuwa kisanduku kidogo cha kijani, na visanduku vilikuwa karibu arobaini. Mteja akibonyeza kitu Nakivubo, kisanduku kilififia kidogo, kisha kikarudi. Umeme wa mita ulipomwishia Okwera, picha zake zilihamia kwa Ayaa bila mtu kunyanyua kidole. Manyoya yalianza kuingia, picha baada ya picha, na katika kila moja tone la mvua lilikuwa limesogea kidogo.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu Mama Olal alipofariki hospitalini.

Ujumbe uliingia kwenye kundi la simu la chama chao cha kuzikana asubuhi, Adoch akiwa anakunywa chai dukani. Mama Olal hakuwa mama wa Olal peke yake. Baba zao walipopelekwa kazini kaskazini wakati wa vita, na mama zao walipoumwa au kujifungua, kila mtoto wa Laini Tatu alikula chunguni kwake. Adoch aliweka kikombe chini na kulia. Alilia kweli, na alikuwa bado analia alipoinua macho akaona visanduku vya Nakivubo vikizimika, vyote kwa pamoja.

Ndipo alipoelewa.

Sheria ya chama aliijua kabla ya kujua kusoma: mmoja akifiwa, wote wanafunga. Duka halifunguliwi mpaka maiti awe ardhini. Na mtu wa Kampala anayefunga duka kwa siku kadhaa hazimi taa tu. Anashusha swichi kubwa ya ukutani, kwa sababu kila mmoja amewahi kuona soko likiungua na kusikia watu wakisema ni umeme. Alikuwa amejikinga na mvua, na nyaya mbovu, na wateja wakorofi. Lakini maduka yake aliyachagua kwa kuaminiana, na watu aliowaamini walikuwa wale wale waliozikana.

Alimpigia Ayaa. Simu ilipokelewa kwa kwikwi.

"Adoch! Adoch, Mama ametuacha!"

"Nimeona, Ayaa. Pole, dada."

"Nafunga hapa. Nakuja huko msibani. Nitakukuta?"

"Ayaa..." Neno lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Usizime. Ni neno dogo tu. "Ndiyo," alisema. "Utanikuta."

Baada ya muda mfupi visanduku vya Old Kampala navyo vikaenda.

Nyumbani kwa Olal, mtaa wa juu hapo hapo Kyebando, turubai lilikuwa limekwisha kufungwa. Okwera, mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti ya paredi kama baba yake, alikuwa anagawa kazi: nani atatafuta basi la kwenda maziko Kitgum, nani atakwenda na mwili, nani atapika.

"Na zima kila kitu!" aliwakumbusha. "Banange, jamani, tusizike kule halafu tuungue huku."

Watu walicheka, kicheko kile kifupi cha msibani. Adoch alisogea hadi ubavuni mwake.

"Okwera, kaka. Zile kompyuta..."

"Iko nini kwa kompyuta?"

"Ile kazi ya Odero. Zikikaa zimezimwa mpaka turudi, haitaisha. Nilifikiri kama mtu mmoja angeshika funguo..."

Okwera alimtazama, si kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Lapwony," alisema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "hizo kompyuta zako hata mama akifa hazipumziki? Si zije na zenyewe zimenye viazi!"

Benchi likacheka tena. Mama mmoja mzee akamvuta Adoch mkono, akamkalisha kwenye mkeka wa jikoni, akamwekea beseni la viazi mapajani. Adoch akamenya. Kiazi kilikuwa kitu kingine cha kutazama.

Hakuwa amezima zake. Nyuma ya mlango wake uliofungwa, kompyuta nne zilikuwa bado zinavuta picha, na kwenye simu aliweza kuona hesabu ikisogea kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko. Alijua hazitafika. Alijua pia kwamba mtu akisikia mashine zikivuma mle ndani, yeye atasemwa. Hata hivyo hakuinuka kwenda kuzizima, wala hakuinuka kusema tena. Alimenya mpaka beseni likajaa maganda.

Alikuwa amempigia Odero kumweleza, na Odero akasema anakuja. Alikuja mwenyewe mchana, amevaa koti, akawapa mkono wafiwa mmoja mmoja, akakaa kando ya Adoch kwenye ule mkeka wa jikoni ambapo wanaume hawakai.

"Pole sana, dada."

"Asante, kaka. Nisamehe."

"Usinieleze habari za matanga. Mimi ni Mjaluo, mimi ndiye mwalimu wenu." Alichukua kisu akaanza kumenya naye, vibaya, akikata nusu ya kiazi pamoja na ganda. "Lakini wale wa Nairobi hawamjui Mama Olal. Nikiwaambia mashine zangu zimeenda kuzika, watanitafutia daktari."

"Hatuwezi kuomba siku nyingine?"

"Nimeomba. Wamekataa." Alitazama watu chini ya turubai. "Hawa wenye maduka, wote ni jamaa zako?"

"Tumelelewa laini moja."

"Wote?"

"Wote."

"Mimi nilidhani una kompyuta arobaini," Odero alisema taratibu. "Kumbe una moja."

Chuoni Adoch alifundishwa kupima kasi, na joto, na njia ambazo kazi hupita kutoka mashine hadi mashine. Hakufundishwa kuuliza wenye mashine wanalia pamoja na akina nani.

"Picha zilizobaki nimezihamishia ng'ambo," Odero alisema. "Tangu saa nne. Nitabanwa, lakini nitafika. Zile mlizomaliza ni safi, nitazitumia. Ila huo mfululizo, dada... siwezi tena. Unanielewa."

"Nakuelewa."

Alisema hivyo kwa sababu alimwelewa kweli, na hilo ndilo lililomvunja. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Okwera alikuwa sahihi, na Odero alikuwa sahihi, na Ayaa aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, macho yamevimba, alikuwa sahihi kuliko wote.

Kesho yake, kabla ya basi kuondoka, Adoch alipita dukani kuchukua shuka la kujifunika njiani. Ndani kulikuwa kimya. Kompyuta nne zilikuwa zimewashwa, na kila moja iliandika kwamba haina kazi na inangoja. Aliziangalia kwa muda, akashusha swichi ya ukutani, akafunga mlango.

Basi lilikuwa limejaa. Olal alikuwa mbele pamoja na wazee, lakini alipomwona Adoch akipanda, aliinuka, akaja nyuma, akajibana naye kitini. Hakuwa amelala. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo.

"Lapwony, nikuulize kitu. Mama alikuwa anawaambia manesi pale wodini kwamba duka la mwanawe linatengeneza sinema. Kila nesi akiingia, anamwambia." Alifuta uso kwa kiganja. "Nesi mmoja akaniuliza, sinema gani? Nikashindwa kusema. Duka langu lilitengeneza kipande gani?"

Hilo Adoch alilijua. Alijua kila picha ilipikwa wapi.

"Ni pale kaloli amesimama juu ya paa, mvua inanyesha," alisema. "Anafungua mbawa. Manyoya yote ya ubawa wa kushoto ni ya kwako."

"Yote?"

"Yote."

Olal alifikiri. Mbele, Okwera alikuwa anahesabu watu kwa sauti.

"Halafu anaruka?"

"Hapo bado," Adoch alisema. "Kwenye picha zako anafungua tu. Kuruka ni picha zinazofuata."

"Ah." Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa kitu cha kwenda nacho. "Basi tukirudi nitakuwashia mapema. Umalizie."

Adoch aligeukia dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama ila kioo chenye vumbi.

"Sawa, kaka," alisema.