Siku Mama Alifagia Mchanga ya Kisiwa

Harufu ya madra nyeupe, shuka za kitanda, yenye inatoka kupigwa pasi, ile harufu ya sabuni na moto kidogo, inanikamata miguu mpaka leo. Juzi nilipita nyuma ya guest house moja hapa Bunia, mama mumoja iko anapiga madra pasi kwa dirisha, mi nikasimama na beseni yangu ya ndizi kwa kichwa sawa nguzo ya umeme. Watu wakafikiri kizunguzungu imenishika. Hapana. Nilikuwa nimerudi ku kisiwa.

Ndiyo, kisiwa. Musicheke. Mi mwenye muko munaona hapa, na hii miguu ya kupasuka sawa barabara ya Komanda, nililalaka kwa hoteli ya kisiwa, pembeni ya maji, fasi wazungu wanakuja kujianika sawa samaki ya kukausha.

Nilikuwa na myaka tisa. Ilikuwa ile wakati ya amani yenye mutu anakula na jicho moja kwa sahani, ingine kwa barabara. Tulikuwa tumerudi kutoka kukimbia vita. Baba hakurudi. Nyumba ilikuwa na bati nusu, na mama yangu hakuwa analala. Sisemi alikuwa analala kidogo. Hakuwa analala. Anafagia kiwanja mbele ya jogoo kuamuka, anaenda soko, anarudi, anaosha, anapika, anafagia tena, mpaka nilifikiri macho yake Mungu alisahau kuiwekea mufuniko.

Siku moja akaanguka mu soko na kikapo ya mihogo. Munganga akamupima tension ya damu, akaangalia ile mashine, akaipiga kofi, akapima tena. Kisha akamuambia koko, mama ya mama yangu:

"Huyu dawa yake si kidonge. Alale. Asipolala, moyo itasimama, na hawa watoto tano utawalea weye na huu mugongo yako."

Koko akashika mugongo yake, sawa tayari ameshatubeba.

Mujomba, mudogo ya mama, alikuwa mupishi kwa hoteli moja ku kisiwa ya lile ziwa kubwa la Uganda. Wakati wageni ni kidogo, patron, mwenye hoteli, alikuwa anaacha kila mufanyakazi alete watu ya familia, walale siku mbili bure. Akamuita dada yake. Mama akakataa mara ishirini. Koko akachukua kikwembe, akatupa nguo ndani, akafunga baluchon, akaniita pembeni, akaniambia kwa sikio: "Weye kazi yako ni moja tu. Mama yako alale. Akirudi bila kulala, na weye usirudi."

Basi tukapanda lori, mi na mama, wengine wakabaki na koko. Iga Barrière, Mahagi, na vumbi. Ile vumbi, we! Tulipofika Mahagi, mama yangu mwenyewe aliniangalia, akaniuliza: "Weye ni mutoto wa nani?" Kisha basi za Uganda, kisha boti, na mi nikatapika kila kitu nilikulaka tangu nizaliwe.

Hoteli ilikuwa vyumba ya majani, imepangwa mbele ya maji. Kitanda yetu ilikuwa kubwa, ng'ombe tatu zingelala pale bila kujuana. Juu ya ile madra nyeupe walikuwa wamekunja serviette ya kuogea mpaka ikakuwa bata, na shingo yake yote. Mama akasema nisiiguse, pengine ni ya patron. Siku mbili tulijipanguza na kikwembe, bata iko inatuangalia.

Lakini ile kitanda mama hakuipanda. Alitandika chini nyuma ya mulango, baluchon kwa kichwa, nguo yote kwa mwili, hata sapato kwa miguu. Mi nikalala peke yangu katikati ya matela, sawa kifaranga mu sinia. Asubuhi nafungua macho, mama hayuko. Nikasikia kwa inje: shwa, shwa, shwa.

Iko anafagia plage, mchanga ya pembeni ya maji.

Mufahamu vizuri. Kwetu, jua ikimukuta mwanamuke na kiwanja haijafagiwa, jirani wanakuja kuuliza ndani kuna matanga ao nini. Mama alitoka, akaona kiwanja ya hoteli imejaa majani, na hakuna mwanamuke anashika fagio. Akasikia haya kwa niaba ya hoteli nzima. Akakata matawi, akafunga, akainama. Aliponyooka, ule mchanga wote ulikuwa na mistari safi sawa nywele ya kusuka, na mi naapa mistari ilitoka pale ikafika Mahagi. Wazungu wawili wakasimama kwa ukingo, sandali kwa mikono, wanaogopa kukanyaga.

Muzee mwenye kazi ya ile plage akatokea na rato yake, ile fagio ya meno ya chuma. Akaona kazi imekwisha.

"Mama, nani amekutuma? Wanataka kunifukuza?"

"Hapana, baba. Nasaidia tu. Weye pumzika."

"Wewe ndiyo mugeni! Mugeni analala!"

"Mpaka jua iko huku juu? Kwetu huyo ni mugonjwa."

Mujomba akakuja mbio na kofia yake ya jikoni. "Yaya, dada yangu, unaniua! Patron ataniuliza nimeleta dada ao nimeleta kampani ya usafi!"

"Patron yako ana kiwanja chafu," mama akamujibu. "Umuambie."

Saa ya kula ikakuwa vile vile. Mama wa kutuletea chakula alikuwa na mvi, na mama yangu hawezi kukaa wakati mukubwa wake anasimama. Akamunyanganya sinia, akamukalisha kwa kiti yetu, akamupakulia. Kisha akapeleka sahani jikoni, na tulipomutafuta alikuwa ameshaosha hata sufuria ya wafanyakazi.

Na mi na kazi ya koko kwa mabega! Nilificha fagio mu maji, akatengeneza ingine. Nilimuimbia ile wimbo yake ya kulaza katoto, usingizi ikanikamata mi mwenyewe. Na kule mu ziwa watoto ya wageni walikuwa wanaelea juu ya pira za gari, wanapiga kelele ya furaha, maji inang'aa sawa sahani mupya. Mwili yangu yote ilikuwa inawasha kwa hamu ya ile maji. Nikajiambia: mama akilala tu, naruka ndani na nguo.

Siku ya pili, kisha chakula ya midi, mujomba akamukalisha kwa kiti moja ya kulalia, chini ya kivuli. Kesho tunarudi. Nikamuangalia. Macho ilikuwa nyekundu, mikono inatafuta kitu ya kushika. Ndiyo nikaona kitu kimoja. Viti vyote vya ile hoteli viliangalia maji. Mama alikuwa amegeuza yake, inaangalia njia.

Sikuwa na akili ya kufahamu. Nilikuwa nimechoka tu kumubembeleza. Nikakaa chini kwa mchanga, nikaangalia njia, nikamuambia:

"Mama, geuza kiti. Njia mi nitaiangalia."

"Weye?"

"Mi."

Akauliza pole pole, sawa anauliza mutu mukubwa: "Ukiona watu wengi wanakuja?"

"Nitakuamusha."

"Hautaenda kwa maji?"

Nikaangalia maji. Pira moja ilikuwa bure, hakuna mutoto juu yake.

"Sitaenda."

Akageuza kiti. Akatoa sapato. Akanipa baluchon nikalie, na kabla sijakaa vizuri, usingizi imeshamubeba. Alikoroma, ndugu zangu! Boti moja ilikata kona kule mbali, nafikiri walisikia motere ingine inakuja mbele yao.

Watoto wakaniita, nikatikisa kichwa. Ule muzee wa rato akapita kwa vidole vya miguu, akawakataza kupiga kelele. Mujomba akaleta kremu ya barafu, akaona dada yake mudomo wazi, akasimama pale kremu inamutonea kwa mukono mpaka ikaisha yote. Akajipanguza uso na kofia, akaniambia ni kitunguu. Mukojo ikanishika, nikabana mpaka nikaona nyota na mwezi wakati jua iko juu. Sikutoka. Macho kwa njia.

Mama aliamuka jua inaanza kushuka. Aliangalia njia kwanza, kisha mi.

"Hakuna mutu alipita?"

"Muzee wa rato, mujomba, na mbuzi moja."

"Sawa," akasema. Akanipanguza mchanga kwa uso, akaniambia kimbia kwa maji. Lakini mi nilikimbia kwanza choo, na niliporudi mujomba alikuwa amekataza: saa hiyo mamba ndiyo wanatembea. Asubuhi boti ikatuchukua.

Ile siku nilifikiri nachunga baluchon, wezi wasiibebe. Imenibidi nizae wangu ine, na nichoke sawa lori ya zamani kwa mulima, ndiyo nikaona. Wakati tulikimbia, mama alibeba mumoja kwa mugongo, akavuta siye ine, na kila fasi tuliangukia na usingizi, yeye alikaa anaangalia njia. Kisha watu wakasema amani imekuja, murudi. Tukarudi. Hakuna mutu alimuambia sasa nani anashika ile zamu. Hakuchoka na kazi, mama. Kazi ilikuwa inamusaidia asikae.

Munganga alipomupima tena, akasema tension imeshuka kidogo. Kidogo tu.

Mama iko mpaka leo, na mugongo ya kukunjama, na fagio yake. Nikianza hii habari mbele ya watu, anakasirika: "Mi? Kulala mchana kwa fasi ya watu? Bongo, uongo hiyo! Nilifunga macho tu, jua ilikuwa kali."

Kivuli ilikuwa nzito pale, mungeweza kuichota na sahani. Lakini sibishani naye.

"Ndiyo, mama," namuambia. "Jua ilikuwa kali."