Goti la Heshima na Ukuta wa Ikombe

Mjukuu wangu Tumpe, ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko hata harusi yangu, na babu yako anisamehe. Nakupa leo, maana nimesikia wazee wa kanisa wamekuambia upake chokaa picha uliyoichora ukumbini. Wanasema wanawake wa Biblia kisimani umewapa sura za wafinyanzi wa Ikombe, kule ng'ambo ya ziwa, weusi hivyo, na vyungu vyao kichwani. Nimesikia pia umekubali. Kaa kwanza.

Nilikuwa binti wa chuo cha ualimu. Mwalimu wetu wa sanaa, Bi Della, alikuwa Mmarekani mweusi. Alikuja na picha zilizochongwa kwenye ubao na kuchapwa kwa wino: mama akichuma pamba, vijana wakiandamana wameshikana mikono. Alitusimulia kwamba kwao, enzi weusi walipokuwa wakidai haki, majumba mengi ya maonyesho yaliwafungia milango. Pichani mtu mweusi aliwekwa achekwe au abebe mizigo. Basi wasanii wao wakatundika kazi makanisani na mashuleni, wakachora nyuso za watu wao kwenye kuta za mitaa. Walibishana sana. Huyu alitaka picha iseme maandamano, yule alitaka rangi tupu bila sura ya mtu, maana naye ni mtu huru. Lakini brashi hawakuziweka chini, na leo huwezi kusimulia sanaa ya Marekani ukawaruka.

Sisi mbao hatukuwa nazo, tukachonga soli za kandambili zilizokatika. Mimi nilimchonga mama yangu akipepeta mpunga. Picha tulizitundika ukutani kwa ajili ya siku ya wageni. Ilipokaribia, mkuu wa chuo alipita akaagiza wapepeta mpunga watolewe, yawekwe maua. Nikanyoosha mkono kuitoa yangu. Unatujua: binti wa Kinyakyusa, mkubwa akisema, goti liko chini tayari.

Bi Della hakunizuia. Aliniuliza tu, "Mama ukimtoa ukutani, unamweka wapi?"

Nikaushusha mkono. Nikamfuata mkuu, nikapiga goti kama nilivyolelewa, nikamwambia nikiwa palepale chini kwamba mama yangu atabaki. Alininunia muhula mzima. Mama naye alipokuja siku ya wageni alinigombeza kwa kumwonyesha watu akiwa na kanga chakavu, kisha akasimama kando ya picha yake mpaka mgeni wa mwisho akaondoka.

Mwanangu, mkataa kwao ni mtumwa. Wazee wetu waheshimu, wasalimie, wapigie goti. Hayo ni haki yao. Ukuta ulioupaka kwa ukweli usiufute kwa sababu ya goti. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumapili tutakwenda wote kwa wazee wa kanisa. Magoti yangu ni mabovu, lakini nitayapiga kando ya yako, na tutakataa kwa adabu. Wale mama wa Ikombe wameshasikia, wanakuja na mtumbwi kujitazama. Sitaki wavuke ziwa lote hilo waje kukuta chokaa.

Kyala, Mungu wa mama zetu, aukaze mkono wako, akupe rangi isiyochuja na watu wa kusimama kando ya kazi yako. Wa kwanza ni mimi.