Ribiti Ambayo Haikuanguka

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wenzangu wa karakana wananitania kwamba nakagua bati kama mama mkwe anayekagua vyombo vilivyooshwa na mkamwana. Huwa nawajibu kwa maneno ya wahenga, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kazi yetu ni kuunga bati la ndege kwenye mbavu zake. Abiria anapokaa kwenye kiti chake akatafuna karanga, kati yake na mawingu kuna bati jembamba kama mfuniko wa sufuria, pamoja na ribiti, vile vijiti vya chuma vya kuungia bati, tulizozipiga sisi. Mtu anayelijua hilo na bado haogopi, mimi simwelewi.

Ribiti hupigwa na watu wawili. Mmoja anakaa nje na mashine ya upepo tunayoiita bunduki, anagongea kichwa cha ribiti. Mwingine anaingiza mkono ndani ya bawa na kushikilia kipande cha chuma kizito, ili mkia wa ribiti ubondeke juu yake na kutanuka, usichomoke tena. Hamwonani. Kompresa inanguruma, kuongea haiwezekani, kwa hiyo wa ndani anasema kwa kugonga bati. Akigonga mara moja, ongeza. Mara mbili, imekaa. Mara tatu, mbaya, ing'olewe. Anachogonga ndicho unachokiamini, maana huna kingine.

Kwa miaka mingi mimi niliamini mkono wa mtu mmoja, fundi aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzee wa kusini, mtoto wa wachonga mpingo, na mkono wake ulikuwa mtulivu hata bunduki ikitikisa meza nzima. Mimi nilimwita mzee, naye akaniita mwanangu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunaweka kiraka kwenye bawa la ndege ndogo iliyogongwa na gari la mizigo. Mzee alikuwa ameingiza mkono wa kulia mpaka kwapani kwenye tundu la bawa, shavu lake limelala kwenye bati. Nikapiga. Mlio ukanishtua. Ribiti inayokaa vizuri huunguruma kidogo kisha bunduki ikatulia mkononi, lakini hii ilirukaruka, kana kwamba chuma cha ndani kinacheza. Mzee akagonga mara mbili.

Nikaachia bunduki, nikainama karibu na sikio lake. "Mzee, hiyo imekaa kweli?"

"Imekaa. Twende mwanangu, jua linapanda hilo."

Nikapiga inayofuata, ikarukaruka vilevile, naye akagonga mara mbili. Kumwuliza tena ilikuwa kama kumwambia mzee wa watu kwamba anasema uongo, tena mbele ya karakana nzima, na nusu ya mafundi wale alikuwa amewafundisha yeye. Kunyamaza nako kulimaanisha kuna watu watapaa kwa bawa hili. Niliendelea kupiga mpaka mstari ukaisha, jasho likinitiririka ndani ya glavu, nikiomba mlio ubadilike. Haukubadilika.

Desturi yetu ni kwamba kabla tundu halijafungwa, aliyeshika bunduki naye anachungulia ndani kwa kioo na tochi. Siku hiyo mzee alichomoa mkono, akaufuta kwa kitambaa, akasema, "Wee funga tu. Mie nishaangalia." Hakuwahi kuniambia hivyo hata siku moja. Mkaguzi angekuja mchana, lakini ile kona ilikuwa ya ndani sana, na kwa kona kama hizo hata yeye alikuwa anamwuliza mzee, kama tulivyofanya sote.

Nikashika kifuniko cha tundu mkononi na nikashindwa kukifunga. Hapo ndipo nikasema neno ambalo kwetu halina mjadala.

"Imeanguka."

Kitu chochote kikianguka ndani ya ndege, hata nati ndogo ya skrubu, kazi inasimama mpaka kipatikane. Anayesema imeanguka hagombezwi wala haulizwi maswali, tusije tukazoea kuficha. Mzee alinitazama.

"Nini imeanguka?"

"Ribiti, mzee."

"Haya. Itafute."

Nikaingiza kioo na tochi. Sikuwa natafuta kilichoanguka, kwa kuwa hakuna kilichoanguka. Nilisogeza mwanga mpaka kwenye ile kona na nikaiona mikia ya ribiti zetu. Ilitakiwa iwe imebondeka duara. Ilikuwa imelala upande mmoja, kama kisigino cha kandambili kilicholika kwa mwendo mbaya. Si moja wala mbili, ni mstari mzima. Nikaegemea bawa.

"Imeonekana?" aliniuliza mzee nyuma yangu.

"Haijaonekana."

"Haiwezi ikaonekana. Mkono wangu ulikuwa humo. Ingeanguka ningeisikia mie." Akavuta stuli, akakaa. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Umeona nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya goti na kuuacha hapo ili niuone. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, taratibu, huku yeye akivitazama kama vya mtu mwingine. Alisema kwamba akishika chuma, hajui tena kama kimenyooka au kimelala. Anasikia bunduki imenyamaza, basi anagonga mara mbili na kumwachia Mungu. Mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo tunavyosema, ila maradhi haya yangeumbuliwa na kifo cha watu wengine.

Kisha likaja swali ambalo sikutaka kuliuliza. "Baba, mkono umeanza lini?"

"Tangu masika."

Masika hayohayo mimi na yeye tulikuwa tumefunga kazi nyingine moja ya kona ya ndani kama hii, kiraka kwenye shina la bawa, pale bawa linapoungana na mwili wa ndege. Siku ile kulikuwa na radi na kompresa mbili zinafanya kazi, sikusikia mlio wowote wa ajabu, na kioo hakikufika huko ndani. Ndege hiyo inapeleka abiria kisiwani na kuwarudisha. Asubuhi nikiwa natoka kwangu Buguruni niliiona ikipita juu ya mabati ya soko, nikaipungia kama ninavyofanyaga siku zote.

Mzee alikuwa ameshasimama. Tulikwenda wote kwa bosi, na ni yeye aliyesema, mimi nilisimama mlangoni tu. Bosi hakupiga kelele. Alichukua simu, akauliza ndege iko wapi. Ilikuwa imeshapakia abiria na kupaa, iko juu ya bahari, inarudi Dar. Mahali pa karibu pa kutua palikuwa hapahapa kwetu. Rubani aliambiwa aje polepole na akwepe mawingu mazito.

Tukatoka kwenda kuisubiri. Zege la uwanjani lilikuwa linaunguza hadi kwenye soli. Nilimwambia mzee asogee kivulini, akasema, "Niache." Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Mimi nilimwomba Mungu kwa kilugha cha mama yangu, kwa sababu nikiogopa sana Kiswahili hunikimbia. Nilikuwa naliona lile bawa likifunguka bila hata kufumba macho. Ndege ilipotokeza upande wa bahari ilikuwa nukta tu, na iliyumba mara moja kwa upepo, nami nikamshika mzee shati.

Ikashuka. Magurudumu yakagusa, ikakimbia, ikapunguza, ikaja mpaka mbele yetu na kuzima. Nilikuwa nalia na sikujua nimeanza saa ngapi.

Abiria wakaanza kushuka wakilalamika. Mmoja alisema rubani anaendesha kama amebeba mayai. Mwingine alikuwa na ndoo ya samaki inayovuja, anataka kujua teksi ziko upande gani. Wa mwisho alikuwa mama mmoja kijana, begi begani na mtoto mchanga mikononi, hana mkono wa kushikia ngazi. Akamwona mzee wa makamo mwenye sare, amesimama chini ya ngazi hapohapo.

"Shikamoo baba. Nipokelee mtoto basi nishuke."

Mzee akaitikia marahaba. Mkono wake wa kulia ulianza kunyanyuka, kisha akaushusha. Mkaguzi alikuwepo, bosi alikuwepo, na mafundi aliowafundisha walikuwa wametoka wote karakana wamesimama nyuma yetu.

"Mpe huyu mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mkono wangu mie mbovu, nisije nikamwangusha."

Nikapanda ngazi mbili, nikampokea mtoto. Alikuwa amelala fofofo.