Mapigo Matatu Saa ya Mapumziko

Pale machimboni kila mtu alikuwa na jina la kupewa, na lake lilikuwa Bi Taratibu. Hakupewa kwa uvivu. Alipewa kwa sababu alipasua mawe bila pupa: mapigo matatu kisha kimya, mapigo matatu kisha kimya, na kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kujiponda kidole. Wenzake walikuwa wameacha kucha, vidole na hata macho kwenye kokoto zile. Yeye alikuwa na vidole vyote kumi. Kilichoharibika kwake kilikuwa kifua, maana vumbi la mawe halijali kama una haraka au huna.

Mapigo yale aliyapata kwa baba yake. "La kwanza la kuliamsha jiwe," baba alikuwa akimwambia, "la pili la kuliuliza, la tatu la kulipasua. Halafu pumua, mwanangu. Jiwe haliendi popote." Baba alipenda mzaha. Jiwe likimshinda alilipigapiga mgongoni akasema, "Huyu ana kichwa kigumu, lazima tu ndugu." Alikuwa amekopa kwa tajiri wa machimbo ili mkewe akatibiwe. Mke akafa hata hivyo, deni likabaki hai, tena likanenepa. Alilipasulia mawe miaka tisa, hadi siku ukuta wa juu ulipomeguka ukamfunika. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili.

Sasa, pale palikuwa na desturi, na haihitaji kutiwa chumvi, maana ni mbaya vya kutosha ilivyo. Mtu akifa, nyundo yake huwekwa juu ya jiwe bapa langoni kwa siku tatu. Deni halifuati damu, hufuata mkono. Yeyote atakayeiinua nyundo ya mwenye deni, jina lake huingia daftarini, na kuanzia hapo hapiti lango bila kibali. Siku tatu zikiisha bila mkono kuigusa, deni linafutwa na jamaa wanaondoka zao. Babu wa tajiri ndiye aliyeapa hivyo, na wajukuu walijivunia kiapo hicho mbele ya kila mgeni aliyekuja na kalamu yake kuulizauliza. Hapa kwetu halazimishwi mtu, walisema, kila mmoja aliokota nyundo mwenyewe.

Ni kweli, waliokota wenyewe. Msimamizi ndiye aliyejua namna ya kuwafanya waokote.

Siku ile ya pili ya msiba msimamizi alikuwa bado kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Watu walimwita Bwana Pole kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alichutama mbele ya yatima yule akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana. Hiyo nyundo ya baba itaibwa pale langoni. Hebu niletee nikuhifadhie." Mtoto alilelewa na adabu, mkubwa hakumtuma mara mbili. Aliiinua kwa mikono miwili, kwa kuwa ilikuwa nzito, akampelekea. Bwana Pole hakuipokea. Alifungua daftari.

Tangu mwezi ule yakaanza yale mapigo. Saa ya mapumziko, adhuhuri, nyundo zote zikiwa zimelala na watu wamejibanza kivulini, yatima yule aliyasikia kutoka kule chini ukuta ulikomeguka. Matatu, kimya. Matatu, kimya. Mara ya kwanza alikimbia kwenda kutazama, akakuta mawe na jua. Aliuliza watu, hakuna aliyesikia. Jirani yake Mama Chongo, ambaye kipande cha jiwe kilimtoa jicho la kushoto na mwenyewe akajipa jina kabla hawajampa, alimwambia, "Shoga, hayo masikio yamejaa vumbi. Yakung'ute." Mama Chongo alikuwa na jibu la kila kitu. Ukimpa pole ya jicho alisema, "La nini la pili? Umaskini huu unaonekana vizuri tu kwa moja."

Bi Taratibu aliyazoea mapigo, lakini hakuacha kuyaogopa. Wengine wangesema mzee amekuja kumliwaza mwanawe. Yeye hakuona hivyo. Yeye aliamini kwamba baba yake bado analipa.

Mume alikuja na lori la kubeba kokoto, akaondoka nalo. Aliacha mtoto wa kike, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa kila kitu. Alikua mgongoni mwa mama, akilala kwa sauti ya nyundo kama wenzake wanavyolala kwa kubembelezwa. Alipoanza kutambaa alinyoosha mkono kushika mpini, akachapwa kofi lililomtoa Mama Chongo nje mbio. "Utamuua mtoto!" Bi Taratibu alikuwa analia kuliko aliyepigwa.

Alipopata akili, mama alimkalisha chini. "Nikifa, wataiweka nyundo yangu langoni. Atakayekutuma, atakayekubembeleza, hata akipiga magoti, usiiguse. Kaa siku tatu, kisha uende zako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Akarudia. Alirudia miaka yote, hadi ikawa kama sala. Bi Taratibu aliliogopa lile jiwe bapa kuliko kifo chenyewe. Hata akipita karibu na lango alilikwepa kwa mbali. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nyoka hana shimo moja, na hilo hakulifikiria.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na saba. Fundi cherehani mmoja kule barabarani alikuwa amekubali kumchukua, ale kwake, alale kwake, ajifunze kushona. Jina la binti halikuwamo daftarini, kwa hiyo lango halikumhusu. Aondoke Jumatatu. Gauni lake la safari lilikuwa limeshafuliwa na kukunjwa.

Alhamisi asubuhi Bi Taratibu hakuweza kuinuka. Kifua kilikuwa kimefunga kabisa. Binti alimpa chai, akamfunika.

"Leo pumzika, mama."

"Na fungu langu la kokoto la leo?"

"Litakusubiri. Si ulisema jiwe haliendi popote?"

Bi Taratibu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kisha usingizi ukamchukua. Katikati ya usingizi alisikia sauti ya chini mlangoni ikisema pole, pole sana, akadhani ni ndoto. Sauti ile ilikuwa imemjia ndotoni mara nyingi.

Alipozinduka, machimbo yalikuwa kimya. Adhuhuri. Mama Chongo alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha uji.

"Umeamka? Kunywa hiki kabla sijakionea tamaa."

Na hapo yakaanza. Matatu, kimya. Matatu, kimya. Bi Taratibu akafumba macho. Kwa mara ya kwanza hakuogopa. Jumatatu ilikuwa karibu mno. Ni kama alitaka kumpa baba habari. Akanong'ona, "Mzee huyo. Leo anapiga kwa nguvu."

Mama Chongo alikiweka kikombe chini. Alikuwa ametega sikio nje, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Shoga," alisema, "leo hata mimi nasikia."

Bi Taratibu aligeuka kutazama pembeni, mahali nyundo ilipolala siku zote. Palikuwa na alama yake tu kwenye udongo. Akajiburuta hadi mlangoni akiushika ukuta.

Kule chini, juani, peke yake, binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, kilemba cha mama yake kichwani. La kwanza, la pili, la tatu. Alipiga vizuri. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kando yake, kivulini, Bwana Pole, sasa mwenye mvi, alikuwa na daftari gotini.

Mama alitaka kupaza sauti. Kilichotoka ni kikohozi. Binti akakisikia, akageuka, akampungia kwa nyundo ileile, akitabasamu.

"Mama, rudi ulale! Nakumalizia fungu tu, wasikuongezee deni. Hujafa, kwa hiyo siyo ile uliyonikataza!"

Kisha akainama tena juu ya jiwe. Bwana Pole alifunga daftari, akasimama, akaanza kupanda kuja kibandani bila haraka, na kabla hajafika midomo yake ilikuwa imeshaanza kusema pole.