Mzee Festo Alitubu Pombe Ambayo Hakuinywa

Mzee Festo Akonaay wa Gitting hajawahi kuonja pombe. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanasoma aya moja halafu wanakimbilia kukomenti.

Ujana wake wote alilima kwa plau na maksai. Anatembea nyuma ya ng'ombe toka alfajiri, anakula ugali mkubwa na maziwa na samli, na jioni misuli imeshachoma vyote. Halafu akapata trekta, akakaa. Chakula kikabaki kilekile. Kitambi kikaja, watu wakampongeza: umependeza mzee, Mungu amekujalia. Wakamchagua mzee wa kanisa. Kwenye sherehe akawa anawekewa nundu, lile donge la mafuta la mgongoni mwa ng'ombe, maana mtu wa heshima hapewi mfupa. Na kwa vile hanywi pombe, analetewa soda. Mbili, tatu, nne. Kwetu mtu mzima mwenye soda mezani anatangaza kwamba ameokoka.

Sasa sikiliza, hili shuleni sikufundishwa, nimelitafuta mwenyewe. Mafuta yana ghala lake chini ya ngozi. Ghala likijaa yanaenda pasipo pake: kwenye ini, kwenye moyo, ndani ya misuli. Misuli iliyojaa mafuta haiisikilizi insulini, kwa hiyo sukari inabaki kwenye damu. Ini nalo linachukua sukari, na hasa ile ya soda, linaigeuza kuwa mafuta mengine. Moyo unabaki unafanya kazi ya watu wawili. Hakuna tone la pombe hapo.

Mwaka jana akaanza kuchoka. Kile kilima cha kwenda kanisani anasimama mara tatu. Mkewe, Mama Judica, akamlazimisha kwenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo. Akampima altrasaundi.

"Baba, pombe unatumia?"

"Sijawahi."

"Hata ya kienyeji?"

"Binti, mimi ni mzee wa kanisa."

"Basi ni uzito, baba. Ini limejaa mafuta, na moyo umeanza kutanuka. Ukianza sasa ini linaweza kurudi. Tembea kila siku, punguza ugali, acha nundu, acha soda. Nikuone kila baada ya miezi miwili."

Akaanza kweli. Trekta akamwachia dereva, shambani akawa anaenda kwa miguu. Miezi miwili, kilo tano zimetoka.

Aliyeharibu ni Mama Judica, na hakukusudia. Kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba walipoulizwa nani ana ombi, akasema, "Mniombee Baba Judica, ana tatizo la ini." Watu wakafumba macho wakaomba. Walipoyafumbua walikuwa wameshahukumu.

Huku ini maana yake gongo. Tumezika walevi wengi wenye matumbo yaliyojaa maji, basi tukaamua ini halina ugonjwa mwingine. Zile kilo tano zikawa ushahidi. Kutembea kwenda shambani kukawa ushahidi: anapitia kwa nani huko? Basili, mlevi anayejulikana na kila mtu, mwembamba kama fito, akamsimamisha njiani.

"Mzee wa kanisa, kumbe tuko chama kimoja. Mbona hujawahi kuniita?"

"Basili, niache nipite."

"Mimi nakunywa mwaka wa ishirini huu, ini langu zima. Wewe unakunywa na nani mpaka lako linaoza?"

Baraza la wazee likamwita. Akaenda na karatasi ya hospitali. Mchungaji Sulle akaisoma, akaona neno ini, kwingine kote mwandiko wa daktari.

"Mzee Festo, hatukuhukumu. Ukikiri unarudishwa kundini."

"Nikiri nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Mchungaji, ni mafuta."

"Mafuta yanapitia wapi mpaka yafike kwenye ini la mtu?"

Wazee wakacheka mpaka vitambi vyao vikatikisika. Wakamtenga.

Angeweza kukaa nje ya kundi mwaka mzima, asingekufa. Lakini binti yake wa pekee, Judica, harusi yake ilikuwa Agosti, na baba aliyetengwa hamwingizi binti kanisani. Upande wa bwana harusi walishaanza kuulizia ni ukoo gani huu.

Judica akamwambia, "Baba, mimi najua hujanywa. Tufunge bomani tu, yaishe."

"Mama yako atakufa kwa aibu," akajibu.

Jumapili ya mwisho ya Julai alipiga magoti mbele ya kanisa zima, akaungama ulevi wa siri. Wakamwuliza alikuwa anakunywa wapi. Akatunga palepale: Katesh, siku za mnada. Watu wakaimba, wengine machozi ya furaha yakawatoka. Mtu ambaye hajawahi kudanganya kanisani alidanganya siku hiyo, na ndiyo siku waliyomwamini.

Harusi ilifana. Wakwe walimwekea nundu akaimaliza, maana angeikataa wangesema tumbo limeharibiwa na gongo. Kutembea ameacha, wasije wakasema anafuata kilabu. Amenenepa tena, na watu wanasema ona, ameacha pombe, amerudi.

Nilimkuta wiki iliyopita amekaa nje kwake. Miguu imevimba, viatu havivaliki. Akiongea anakatisha kuvuta pumzi.

"Shikamoo mzee. Kliniki unaenda?"

"Marahaba. Nikionekana pale watasema nimerudia. Na Judica ana mimba, mtoto atabatizwa hapahapa."

"Na miguu hiyo?"

"Miguu ni uzee tu, mwanangu."

Ana miaka hamsini na sita.