Kula Mchana wa Kwaresima

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima mwaka jana, saa saba mchana, nilitoa meza ndogo nikaiweka kibarazani kwangu Mkuyuni, Mwanza, nikala ndizi na maharage huku waumini wenzangu wakipita kwenda kwenye maombi. Walinisalimu wakiangalia pembeni. Niliwaelewa. Kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa nikiwaongozea mfungo wao.

Mambo yalianza nilipostaafu kiwandani Nyakato, ambako nilikuwa msimamizi wa zamu. Daktari aliniambia nina presha, nipunguze mafuta na chumvi. Nikapunguza. Kisha nikapunguza wali, chai ya maziwa, na mwisho ndizi zenyewe, mimi mtu wa Kagera. Nilikuwa nimezoea kuamrisha watu, na sasa sikuwa na wa kumwamrisha, nikaona angalau tumbo linanitii. Fundi viatu aliyekuwa akinitobolea mkanda alinitania kwamba tukiongeza tundu jingine nihamie kwenye mikanda ya wanafunzi. Nilicheka naye, na moyoni nikafurahi kama mtu aliyesifiwa.

Kanisani, mzee asiyekula hupewa jina zuri. Nilifunga Jumatano na Ijumaa, nikaongeza Jumatatu, na mchungaji akanitaja kama mfano mbele ya vijana. Ukweli ni kwamba sikuwa nikiomba. Kuanzia asubuhi mpaka jioni nilikuwa nikiwaza chakula na jinsi ya kukikwepa. Nilitumia mfungo kuufunika ugonjwa, na kwa hilo sina wa kumlaumu.

Mke wangu alikuwa amekula nami meza moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoanza kukonda nilianza kumtazama anavyotafuna. Niliufuata tu mkono wake kutoka sahanini mpaka mdomoni, naye akiinua macho anakuta yangu yapo. Akaanza kusema atakula baadaye. Siku moja niliingia jikoni kuchukua maji, nikamkuta amesimama, ameupa mlango mgongo, anakula ndizi iliyopoa. Aliponisikia akaifunika sahani kwa kanga.

“Unakula tena?” nikamwambia.

Alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilijua, kwa sababu nilikuwa namfuatilia.

Mwili wangu ulishindwa kabla kiburi changu hakijashindwa. Nilianguka kwenye njia ya mawe inayoshuka kutoka nyumbani kwenda barabarani, wakanibeba mpaka hospitali, nikakaa huko wiki kadhaa. Afisa lishe, binti wa umri wa kitindamimba wangu, alinieleza bila kunionea haya kwamba nina ugonjwa wa kukataa kula, na kwamba huwapata hata wazee. Aliniambia nisisubiri njaa, kwa sababu njaa yangu nimeinyamazisha muda mrefu na haitaniita kwa wakati. Nile kwa saa, milo mitatu na vitafunio viwili katikati, nitake nisitake. Na mizani niiache hapo hapo hospitali.

Miezi ya kwanza baada ya kutoka hospitali mke wangu alinipikia uji wa maziwa, akaniponda parachichi, akakaa kando yangu hadi kikombe kiishe. Sikumbuki kumwona yeye akila. Nilipoweza kumaliza sahani bila kusimamiwa, alipanga nguo zake kwenye begi.

“Umeanza kula, namshukuru Mungu,” alisema. “Sasa na mimi naenda kula. Nitakuwa kwa mtoto.”

Binti yetu anafundisha Nansio, kisiwani ng’ambo ya ziwa.

Basi nikabaki nikijipikia. Nimejifunza kukaanga dagaa bila kuwaunguza, na kusonga ugali wa mtu mmoja, kazi ngumu kuliko ya watu sita. Redio naiwasha ninapokula, ili pawe na anayeongea. Nguvu zimerudi, naweza kupanda mlima wetu bila kupumzika njiani. Lakini ziko siku ile raha ya zamani ya kuacha chakula hunijia, hasa jioni za Jumapili, ikakaa nami kama mgeni mwenye adabu. Nikiikaribisha kwa mlo mmoja tu, najua itakaa mwezi. Hivyo nakula, hata kama kila tonge linapita kama kidonge.

Kabla ya Kwaresima ya mwaka jana, kikundi cha maombi kiliniomba niongoze mfungo tena. Walidhani nimepona, na kwao mtu aliyepona hurudi kazini. Nilisimama nikawaambia siwezi kufunga, kwamba ile mifungo yangu ilikuwa ugonjwa tangu mwanzo, na kwamba niliwadanganya. Kisha bibi mmoja, mtu mpole kabisa, akasema, “Basi, mzee, uwe unakula kwa siri. Usitukwaze.” Wachache wakacheka, nao walikuwa wamefarijika.

Lile neno “siri” lilinirudisha jikoni kwangu. Nilikuwa nimeshamfundisha mtu mmoja kula kwa siri. Ndiyo maana nikatoa meza nje. Hakuna aliyeketi nami Ijumaa ile, wala zilizofuata. Walipata kiongozi mwingine, na hodi mlangoni kwangu zikapungua.

Wiki ya tatu ya Kwaresima nilipanda meli kwenda Nansio. Binti yetu alikuwa shuleni. Mke wangu alinipokea vizuri, akanitengea ugali na sato, akageuka kurudi jikoni. Nikamuuliza yeye je. Akasema atakula baadaye.

Zamani neno hilo lilinipendeza. Safari hii nilinawa, nikakaa na mikono mitupu mbele ya chakula.

“Nilikukosea,” nikamwambia. “Nilikuwa nakuhesabia matonge.”

“Najua,” alisema. “Nilikuwa nayahesabu na mimi.”

Alisimama mlangoni kwa muda. Nilitamani kususa chakula mpaka aketi, kisha nikaona huko kungekuwa kumbebesha njaa yangu kwa mara nyingine. Nikaanza kula. Nilikaza macho kwenye samaki wangu, nikachambua miiba. Baada ya kitambo nilimsikia akivuta kigoda. Alikaa karibu na mlango, ubavu akiwa amenigeuzia, sahani ameipakata. Sijui alikula kiasi gani. Sikutazama.

Jioni alinisindikiza mpaka njiani. Nilimuuliza kama atarudi Mwanza. Alisema hapana, amezoea, na huko analala vizuri. Kisha akasema nikija tena nije saa za kula, nisije baada ya watu kumaliza.

Nimekwenda mara tatu tangu hapo. Bado hukaa karibu na mlango. Mara ya mwisho aliomba nimsogezee chumvi, nikamsogezea bila kuinua macho.